Neema kwa Wenye Maiki, Hukumu kwa Wenye Mimba

Kanisani ukisikia mtu anasema "msihukumu" ujue kuna jambo limeshaharibika mahali, maana hakuna anayelikumbuka hilo andiko siku mambo yakiwa shwari. Linatolewa pale mtu anapouliza hela ya ujenzi imeenda wapi, au mbona unabii wa mwaka jana haujatimia. Na upande wa pili wako wale wa "tumeagizwa tuzijaribu roho", nao wameshika andiko lao vizuri kabisa, ila ukiangalia kazi yao kubwa ni kukagua urefu wa sketi mlangoni. Kila upande una mstari wake, kila upande unamwona mwenzake hajui Biblia. Na hapa Dodoma tangu serikali ihamie makanisa yamejaa mitaani, Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, unatembea kidogo unakutana na spika nyingine, kwa hiyo mtu wa kawaida anajiuliza nitapimaje na nitapima nini bila kuwa yule muumini mchungu ambaye kila mtumishi kwake ni tapeli.

Tuanze na penyewe, Mathayo 7. Mstari wa 1 Yesu anasema "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi", na hapo ndo wengi tunafunga Biblia. Lakini hotuba haikuishia hapo. Mstari wa 5 anasema ukishaitoa boriti kwenye jicho lako ndipo utaona vema kukitoa kibanzi cha ndugu yako, yaani kibanzi kinatakiwa kitoke, hakusema kiachwe mle mle kwa sababu tunapendana. Mstari wa 6 anasema msiwape mbwa kilicho kitakatifu, sasa huyo mbwa utamjuaje bila kupima? Ukifika wa 15 na 16 ndo kabisa, jihadharini na manabii wa uongo, "Mtawatambua kwa matunda yao". Mhubiri mmoja, mlima mmoja, sura moja. Aliyekataza kuhukumu ndiye huyo huyo aliyeagiza kupima.

Alichokataza ni kumkatia mtu hukumu ya mwisho, kumsoma moyo kana kwamba umeuumba wewe, na kumpimia kwa kipimo ambacho mwenyewe hutaki upimwe nacho. Alichoagiza ni kuangalia vinavyoonekana: mtu anafundisha nini, anafanya nini, na wanaomfuata wanaishia wapi. Nenda Kibaigwa msimu wa mahindi uangalie wanunuzi, mtu anachoma bambo kwenye gunia, anatoa punje chache, anaangalia unyevu na kubunguliwa, na mkulima amesimama pale wala hajanuna, maana anajua kinachopimwa ni gunia. Mnunuzi akianza kumwambia wewe ni mwizi na ukoo wenu wote wezi, hapo ameacha biashara. Ila akinunua lori zima bila kuchoma hata gunia moja kwa sababu muuzaji ana sura ya upole na anajua kuomba, hatusemi ana neema, tunasema atafilisika.

Sasa mimi naona shida yetu hata si kukosa kimoja kati ya hivi viwili. Vyote tunavyo, na tunavyo vingi, ila tumevigawa kinyume.

Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, kwenye makanisa mengi tu, ya zamani na haya mapya, habari inafika kwa wazee wa kanisa kabla hata mama yake hajamaliza kulia. Anatengwa, haimbi, hashiriki Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya ibada nzima huku kijana aliyempa mimba amekaa benchi la nyuma, au yuko kanisa la mtaa wa pili anapiga kinanda na hakuna aliyemuuliza kitu. Wakati huo huo kuna mtumishi ambaye mapato na matumizi hayajasomwa miaka na miaka, na ukiuliza unaambiwa tumwombee baba, vita ni vingi, tena angalia usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Yaani neema tumepeleka kwa wenye maiki, hukumu tumewaachia wenye mimba. Biblia imepanga tofauti kabisa. Yakobo 3:1 inasema tusiwe waalimu wengi maana waalimu watapata hukumu kubwa zaidi, na Luka 12:48 inasema aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Ila kwa mtu aliyevunjika ahadi ni ya Isaya 42:3, mwanzi uliopondeka hatauvunja. Kipimo kinakuwa kikali unavyopanda juu, siyo unavyoshuka chini.

Hili la mpakwa mafuta tulimalize maana ndo ngao kubwa. Andiko lenyewe ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu". Soma mistari ya kabla yake, inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, familia ndogo inayotangatanga nchi za watu haina jeshi wala ardhi, na wanaoonywa wasiguse ni wafalme wenye nguvu. Ni andiko la kumlinda mnyonge dhidi ya mkubwa, sisi tumeligeuza limlinde mkubwa dhidi ya mama wa kitenge anayeuliza risiti. Halafu watu wanaleta habari ya Daudi kwamba alikataa kumgusa Sauli, ni kweli alikataa kumuua, lakini 1 Samweli 24 inaonyesha alitoka pangoni akapaza sauti mbele ya askari wote, ameshika kipande cha joho mkononi kama ushahidi, akamwambia mfalme anamwinda bure na Bwana ataamua kati yao. Hiyo kwa lugha ya leo ni kumhoji kiongozi hadharani. Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme, mpakwa mafuta kabisa, Nathani alimwendea ikulu akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Hakuna aliyemwambia Nathani ana roho ya Absalomu, yaani ya uasi.

Basi unapima nini? Kumbukumbu la Torati ina vipimo viwili na watu wengi wanakijua kimoja. Sura ya 18 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitokee, hilo neno Bwana hakulinena, na msimwogope. Hapo ni rahisi. Ila sura ya 13 inakwenda mbali, inasema hata kama ishara imetokea kweli, kama inakuvuta uende kwa miungu mingine usimsikilize. Yaani muujiza siyo risiti. Mtu anaweza kukutajia namba yako ya simu na jina la bibi yako madhabahuni na bado mafundisho yake yakawa mabovu, na kusema ukweli siku hizi namba ya simu ya mtu siyo siri kubwa kiasi hicho.

Kanisa la mwanzo lilikutana na jambo hili mapema mno. Kuna andiko la zamani linaitwa Didake, wataalamu wengi wanaliweka mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa ya 2, na nakala yake ilikutwa Constantinople mwaka 1873. Mle ndani wameweka utaratibu wa kupokea wahubiri wanaosafiri, na ni utaratibu wa watu waliokwisha kuumwa na nyoka: mpokee kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala, akiomba hela ni nabii wa uongo. Akisema akiwa katika roho kwamba nipeni hela, msimsikilize, lakini akisema wapeni wengine wenye shida, mtu yeyote asimhukumu. Umeona hapo? Kupima na kutokuhukumu vimekaa sentensi moja wala havigombani.

Lakini kipimo kimoja hakitoshi, na mfano tunao hapa hapa nchini. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mitishamba pale Samunge kwa Sh 500. Nchi nzima ilihamia huko, magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita, wakubwa kwa wadogo. Ukitumia kipimo cha hela peke yake Babu anafaulu bila shida, 500 hata nauli ya bodaboda haitoshi, na maisha yake hayakuwa ya anasa. Ila kipimo cha matunda kilikuwa na maswali mazito, kuna wagonjwa walikufa kwenye foleni kabla hawajafika, na ziliripotiwa habari za watu walioacha dawa za Ukimwi na kisukari wakiamini wamepona. Hapa ndo kupambanua kunahitaji utu uzima kidogo, kwa sababu unaweza kusema kile kikombe hakikuponya kama kilivyotangazwa bila kusema yule mzee alikuwa mwongo aliyepanga kudanganya watu. La kwanza linapimika, unampeleka mtu hospitali anapima, la pili ni moyo na moyo si wako. Masapila alifariki Julai 2021 na bado watu wanabishana juu yake, na wengi wanaobishana wanachanganya hayo mawili.

Wakati mwingine hata huhitaji maswali mazito. Moshi tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu, na miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Mafundisho yale hayakuanzia kwenye makaburi, yalianzia kwenye vitu ambavyo muumini angeweza kuvihoji mapema, usimpeleke mtoto shule, usiende hospitali, achana na ndugu zako. Ukiona mtumishi anakutenga na kila mtu ambaye angeweza kukushauri, hapo usisubiri tunda liive.

Kuna upande mwingine, vitu ambavyo hatukuambiwa tuvipime kabisa na ndo tunavipima kwa bidii. Warumi 14 Paulo anazungumza na kanisa ambalo wengine wanakula nyama wengine mboga tu, wengine wanashika siku fulani wengine hawashiki, na jibu lake ni swali, wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Hapa kwetu hilo ni zabibu. Mkatoliki anaikuta divai altareni na haoni shida, mlokole kwake divai ni pombe na pombe ni dhambi, sasa chukua mlokole wa Hombolo mwenye ekari mbili za zabibu ambaye mnunuzi wake mkubwa ni kiwanda cha mvinyo, je anashiriki dhambi? Ang'oe shamba? Fungu la kumi la hela hiyo lipokelewe? Nimesikia watu wakimjibu kwa ukali mkubwa, na wanaomjibu ndo hao hao wanaopokea michango yake ya harambee. Paulo angemwambia kila mtu awe na hakika katika akili yake mwenyewe, na asiyeuza asimdharau anayeuza, na anayeuza asimkwaze aliyetoka juzi kwenye ulevi. Hereni, suruali, ngoma ya Kigogo kwenye ibada, mengi yanaangukia humo humo, na muda tunaomaliza kwenye hayo ndo muda ambao kamati ya fedha haikaguliwi.

Turudi kwenye kutengwa, maana mimi sisemi nidhamu ifutwe. Mathayo 18 ina ngazi: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa chukua mmoja au wawili, akikataa liambie kanisa, akikataa na hapo awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Sisi tunarukia ngazi ya tatu, na ngazi ya kwanza tumeigeuza kuwa kumwambia kila mtu isipokuwa mwenyewe, "jamani tumwombee fulani". Na hata hiyo ya mwisho, kumbuka Yesu aliwafanyia nini watoza ushuru. Alikula nao. Aliwaita. Zakayo alishuka kwenye mti kwa kuitwa jina, na akarudisha mara nne alichonyang'anya.

Mfano wa nidhamu iliyokamilika uko Korintho. Mtu amechukua mke wa baba yake, kanisa linajivuna tu, Paulo anakasirika, anasema mwondoeni. Hiyo tunaikumbuka. Ila kwenye barua ya pili sura ya 2 anazungumzia mtu aliyeadhibiwa na wengi (wengine wanasema ni yule yule, wengine wanasema mwingine, mimi naona somo halibadiliki) na anasema adhabu hiyo yatosha, sasa msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Yatosha! Kutengwa kuna mwisho. Binti anayekaa miaka mitatu nje ya kwaya kwa kosa alilolitubu wiki ya kwanza hajawekwa chini ya nidhamu, amesahaulika tu.

Afrika yetu hii ndo ililipigania jambo hili kabla ya wengine wengi. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya Roma apewe cheti, na pale Carthage, Tunisia ya leo, Wakristo wengi walianguka, wengine wakatoa sadaka kweli, wengine wakanunua cheti bila kutoa. Mateso yalipopoa wote wakataka kurudi. Waliokuwa wamefungwa bila kukana imani walikuwa na heshima kubwa, wakaanza kuandika vibarua vya msamaha, vingine vimeandikwa fulani apokelewe pamoja na watu wake, bila majina, yaani unaingia na ukoo mzima. Askofu Cyprian akagoma. Siyo kwamba hakutaka warudi, alikataa pia msimamo wa kasisi Novatian kule Roma kwamba aliyeanguka harudi kabisa. Sinodi ya mwaka 251 ikasema waangaliwe mmoja mmoja, aliyenunua cheti asihesabiwe sawa na aliyetoa sadaka, aliyeteswa mpaka akashindwa asihesabiwe sawa na aliyekimbilia mwenyewe. Polepole, kwa majina, kwa kusikiliza. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo maana hatuipendi, ni rahisi zaidi kufungia wote au kufungulia wote. Na mwaka uliofuata, mateso mengine yalipokuwa yanakuja, wakalegeza zaidi ili watu wasikutwe nje.

Kuna jambo moja linachanganywa vibaya sana nalo ni kusamehe na kurudishia mtu kazi. Mhasibu wa kanisa aliyekula sadaka, akitubu asamehewe, aketi nasi, ale nasi, ila funguo za sanduku zikae kwa mwingine. Hiyo haipunguzi neema hata kidogo, kwa nini tumweke tena penye jaribu lake?

Na likiwa ni jambo la mtoto kuharibiwa au mwanamke kubakwa, hapo Mathayo 18 ya kukaa wawili haihusiki na wala siyo suala la wazee kukutana na familia ibadilishane mbuzi. Watu wanaleta 1 Wakorintho 6 kwamba tusipelekane mahakamani, lakini pale Paulo anazungumzia ndugu wanaodaiana mambo ya maisha ya kila siku, na ni Paulo huyo huyo kwenye Warumi 13 anayesema mwenye mamlaka hachukui upanga bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 inapigwa bure. Mchungaji anayesema "tulimalize kiroho" kwenye kesi kama hiyo anamlinda mtu mmoja tu, na si mtoto.

Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki na kufika mpaka Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, walikuwa na desturi ya kuanza na dhambi yako mwenyewe mbele ya ndugu kabla hujagusa ya mwenzako, kutembea nuruni walivyoita. Ilikuwa na kasoro zake, asiyeshuhudia kama wao alionekana bado hajaokoka, na wachungaji wengine walisumbuka nao sana. Lakini ule mpangilio wa boriti kwanza ulikuwa sahihi, na nikilinganisha na sasa ambapo mtu anaanza na klipu, naona tumeshuka.

Maana klipu ndo ushahidi wetu siku hizi. Sekunde arobaini za mchungaji fulani zinaingia grupu la kanisa saa tatu usiku, mpaka alfajiri ameshahukumiwa, na asubuhi mwingine anatuma sauti ndefu kumtetea kwamba ni mpakwa mafuta. Wote wawili hawajasikiliza mahubiri yenyewe. 1 Timotheo 5:19 inasema usipokee mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na mstari wa 20 unasema wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Kwa hiyo ukiletewa klipu tafuta mahubiri yote uyasikilize, ukiona bado kuna shida mpigie mwenyewe au mwendee ofisini. Akikataa kukusikiliza rudi na mmoja au wawili. Ikishindikana andika barua kwa baraza la wazee, taja tarehe, taja alichosema au alichofanya na si unavyodhani alikusudia, weka saini yenu na mbaki na nakala. Kama kanisa lenu halina baraza wala mtu yeyote anayeweza kumwambia mchungaji hapana, ulizeni kwanza kwa nini halina.